Shimo Nililomchimbia Sekela

Tulipofungua sanduku la Mama, wiki moja baada ya kumzika, kilichotangulia kutoka ni harufu. Mafuta ya nyonyo yaliyozeeka, moshi wa kuni, na ngozi. Shangazi akaingiza mkono mpaka chini akavuta mbeleko ya ngozi ya kondoo, ile ya zamani, imekauka mpaka inalia ukiikunja. Wanawake waliokaa kwenye mkeka wakaishangilia, maana siku hizi kitu kama hicho hukioni. Shangazi akanitupia mapajani.

"Hii ni ya kwako. Ndiyo uliyombebea Sekela. Wewe ndiye uliyeichakaza."

Nikasema siitaki. Nilisema kwa ukali ambao haukulingana na jambo lenyewe, na wote wakanitazama. Nikasingizia kwamba vumbi lake linanibana kifua, nikatoka nje. Sekela, mdogo wangu, alikuwa amelala chumba cha ndani kwa sababu nyonga ilikuwa inamuuma tangu siku ya mazishi, kwa ule mteremko wa kwenda makaburini. Nilipita mlangoni kwake sikuingia.

Ninyi wenzangu wa umri wangu mnajua tulivyolelewa. Kwetu, kwenye milima ya Uporoto, mtoto wa kike akishafika miaka saba au minane mgongo haukuwa wake tena. Ulikuwa wa mdogo wake. Mama alikuwa na shamba lake la pareto, alikuwa na siku zake za shamba la kijiji, alikuwa na viazi vya kupalilia, na asubuhi baada ya kunyonyesha alinifungia Sekela mgongoni kwa ile ngozi, akakaza mikanda, akaondoka. Baba alifanya kazi mbali, kwenye mashamba ya chai Mufindi, akija mara mbili kwa mwaka na sukari na blanketi. Mtu mzima aliyebaki karibu alikuwa Bibi, mama yake Baba, ambaye nyumba yake ilikuwa hatua ishirini kutoka kwetu. Bibi alivuta ugoro, alikuwa na ulimi kama upupu, na hakuwahi kupatana na Mama hata siku moja. Wakipishana njiani walisalimiana kwa adabu zote, kisha kila mmoja akaenda kulalamika kwake.

Bibi ndiye aliyeona mguu. Sekela alikuwa na miezi mitatu minne hivi, amelazwa mapajani kwa Bibi anapakwa nyonyo, naye Bibi akamnyoosha miguu yote miwili akaiweka pamoja. Wa kushoto ulikuwa mfupi kidogo, na paja lake lilikuwa na mikunjo mingi kuliko la kulia. Bibi akalizungusha taratibu, akasikiliza kama mtu anayesikiliza chungu jikoni, akapinda mdomo.

"Huu mguu hauko nyumbani kwake," akasema.

Mama akaona anasimangwa kwa kuzaa mtoto mwenye kasoro. Akamnyakua Sekela, akamkataza Bibi kumgusa, wakakaa miezi hawazungumzi, na mguu nao ukakaa miezi hiyohiyo bila kuangaliwa na mtu. Mpaka Baba alipokuja likizo. Alimtazama mtoto mara moja tu, kesho yake tukapanda lori la viazi tukashuka mlima kwenda hospitali ya misheni. Nami nilichukuliwa, kwa kuwa mgongo wangu ulihitajika.

Pale kulikuwa na nesi kutoka Iringa, mama mnene mwenye sauti ya upole, ambaye alitusalimia "Kamwene" kwa Kihehe kabla ya kukumbuka kwamba sisi si watu wa kwao. Daktari Mzungu aliikunja miguu ya Sekela kama chura, akaifungua, nikasikia kitu kikisema "kok" ndani ya mwili wa mdogo wangu. Nesi akatueleza kwa kutumia ngumi yake moja ndani ya kiganja cha mkono wa pili. "Kichwa cha mfupa wa paja kinakaa humu, kwenye kikombe cha nyonga. Cha huyu kiko nje. Amezaliwa hivyo. Hakuna mtu kamroga, hakuna mtu kamwangusha, Mama, usigombane na mtu."

Wakamrudishia mfupa, wakamfunga hogo jeupe kuanzia kiunoni mpaka vifundoni, miguu imetanuliwa. Nilipoona wanamzungushia vile vitambaa vyenye chokaa mbichi nilidhani wanampiga lipu kama ukuta wa kanisa, na kwamba atabaki hivyo maisha yake yote, nusu mtoto nusu nyumba. Nililia mpaka nesi akanipa kipande cha mkate. Mama na Sekela walibaki huko wiki nyingi, mimi nikarudi kwa Bibi. Nilikula viazi vyake na kusikiliza anavyomsema mkwewe kwa majirani, na kusema kweli nilikuwa na raha. Mgongo ulikuwa wangu.

Hogo lilipofunguliwa nilikwenda kuwapokea. Sekela alikuwa amekonda mapaja, ngozi imebanduka kama ya kiazi kilichochemshwa, lakini miguu ilikuwa sawa, mmoja sawa na mwingine. Nesi wa Iringa akachuchumaa mbele yangu, mimi na si Mama, akanishika mabega.

"Wewe ndiye unayembeba?"

"Ndiyo, mimi."

"Basi sikiliza. Mfupa umerudi lakini bado haujazoea kwake. Kila siku abebwe mgongoni, miguu imetanuka hivi, blanketi katikati. Asisimamishwe. Asilazwe miguu pamoja. Mpaka mvua ziishe, mmrudishe hapa. Mgongo wako sasa ndiyo hogo lake, umenielewa?"

Nilielewa. Nilirudi nyumbani nikijiona mtu mkubwa, nikawaambia watoto wote kwamba mimi ni hogo. Sifa hiyo ilinitosha labda siku kumi.

Sasa nieleze kilichonisumbua, ili msinihukumu kwa lisilokuwepo, hukumu ya lililokuwepo inatosha. Mwaka ule shule ya kijiji ilikuwa imefunguliwa, na wenzangu wote waliandikishwa. Rafiki yangu Tumpe alipewa daftari na penseli iliyofungwa kwa uzi shingoni. Mama aliniambia neno moja ambalo nililigeuza kichwani mchana kutwa: "Sekela akianza kutembea, na wewe utaingia darasa la kwanza." Lakini sitadanganya kwamba nililia kwa ajili ya kusoma. Mimi nilililia rede. Mchana shule ikiisha wasichana walishuka mteremko wakikimbia, wakafika kwenye uwanja wa chini, wakacheza rede kwa mpira wa matambara mpaka jua linakaribia kuzama. Wawili wanarusha, mmoja yuko katikati anakwepa huku anajaza mchanga kwenye chupa. Mwenye mtoto mgongoni hakwepi. Mimi kazi yangu ilikuwa kuokota mpira ukitoka nje, na kuwarudishia wenye migongo mitupu.

Nilianza kumchukia Sekela kidogo, kwa vipindi. Alikuwa mzito, alikuwa anajikojolea, alikuwa ananishika nywele. Alikuwa pia anacheka nikikohoa, na hilo nilipenda. Vyote viwili vilikuwemo.

Kilichonipa wazo kilikuwa kwa Bibi mwenyewe. Jirani yetu mmoja alikuwa na mtoto wa kiume wa karibu miaka miwili aliyekuwa hajasimama, miguu legelege. Akaletwa kwa Bibi. Bibi akachimba shimo nyuma ya nyumba yake, la duara, likatandikwa nyasi kavu, akamsimamisha mtoto humo mpaka mapajani, akamfukia kwa udongo mlaini uliopashwa jua. Kila siku, muda wa kuchemsha viazi, mtoto alikaa amesimama mle akiwatazama kuku, na Bibi akimwimbia. "Hii miguu inataka udongo," alisema. "Udongo ndiyo unafundisha mtu kusimama." Haukuisha mwezi mtoto yule akatembea. Niliona kwa macho yangu.

Ya nesi je? Ya nesi niliyakumbuka, msiseme nilisahau. Lakini mtoto wa siku zile aliishi ndani ya makatazo. Usile mayai, wewe msichana. Usikalie kinu. Usiruke miguu ya mtu aliyeketi. Usipige mluzi. Nilikuwa nimeshakula yai kwa siri na sikuona kitu. Basi "asisimamishwe" nikaitia kwenye kapu hilohilo. Na nikafikiri kwamba nesi, kwa kuwa ni wa mbali, hajui habari ya shimo, angejua, asingekataza.

Nilichimba nyuma ya banda la chanja za kukaushia pareto, mahali ambapo mtu hapiti mpaka jioni. Sikuwa na jembe, Mama alikwenda nalo shambani. Nilikwangua kwa kijiti kile cha kufukulia viazi na nikatoa udongo kwa mikono, siku nzima na nusu, Sekela akiwa mgongoni ananipiga makofi mabegani. Nikatandika nyasi kama Bibi. Nikamfungua ile ngozi, nikatoa blanketi katikati ya mapaja yake, nikamshusha. Shimo lilikuwa jembamba, ikabidi niibane miguu yake pamoja ili iingie. Nikamfukia mpaka kiunoni, nikashindilia kwa viganja, kama mche wa kabichi.

Alilia siku ya kwanza na ya pili. Siku ya tatu alinyamaza akaanza kushangaa kuku. Nami nilikaa mbele yake siku zote hizo tatu, nikamwimbia wimbo wa Bibi, nikikisia muda wa viazi kuchemka. Siku tatu hizo nilifanya kwa ajili ya miguu yake, na mbele ya Mungu naweza kusema hivyo.

Siku ya nne nilisikia kelele za kina Tumpe wakishuka mteremko. Nikamtazama Sekela, ametulia, amesimama vizuri, hawezi kuanguka wala kutambaa kwenda motoni. Nikaenda. Nilicheza raundi moja ya rede, moja tu, nikarudi nikikimbia. Alipoona anakuja mtu aliyemjua akapiga makofi. Kuanzia hapo shimo lilikuwa langu. Raundi moja ikawa mbili, mbili zikawa mchana mzima. Nilikuwa na mbio, hata Tumpe alikiri. Nilijaza chupa bila kuguswa na mpira, na wasichana wakawa wananigombania. Hakuna aliyeuliza mtoto yuko wapi. Kila mmoja alidhani Bibi anaye.

Jioni moja Mama akimwogesha akakuta udongo kwenye mikunjo ya mapaja.

"Gwe! Huu udongo umetoka wapi?"

"Alikuwa anacheza, Mama. Nilimkalisha kidogo tu nikafunge kanga."

"Usimkalishe chini. Nesi alisemaje?"

"Abebwe."

"Haya."

Mama alikuwa amechoka, vidole vyake vimebadilika rangi kwa pareto. Aliamini. Nilikuwa mtoto wa kuaminika, ndivyo nilivyokuwa nikisifiwa.

Siku ya mvua ya mawe nilikuwa uwanjani. Kwetu mvua ile haipigi hodi; anga linageuka rangi ya risasi, upepo mmoja wa baridi, na mawe yanakuja. Wenzangu walikimbilia darasani. Mimi nilikimbia kupanda. Mawe yalinipiga kichwani na sikuyasikia. Nilipofika nyuma ya banda shimo lilikuwa limejaa maji, Sekela ametumbukia kwenye tope mpaka kifuani, mikono juu, kichwa kimeinama, midomo ya buluu. Hakuwa analia. Nilimshika makwapa nikavuta, hakutoka, tope lilikuwa limembana. Nikaingiza mkono nikashika mguu, ule uliokuwa karibu, ule wa kushoto, nikaupinda nikauvuta kwa nguvu zangu zote. Nikausikia. Sauti ileile niliyoisikia kwa daktari, "kok," lakini safari hii mikononi mwangu.

Nilimkimbiza ndani, nikamkausha, nikawasha moto, nikamfunga mgongoni. Mama alipofika nilimwambia mawe yametukuta njiani kisimani. Akatukumbatia sisi wawili kwa pamoja, akaniambia nimefanya vizuri kumfunika mwenzangu. Tangu siku hiyo ukimgusa Sekela paja la kushoto alipiga ukelele. Mama alisema ni baridi imemwingia.

Mvua zilipoisha tukarudi hospitali. Wakampiga picha, daktari akaitundika kwenye mwanga, akaitazama muda mrefu. Hata mimi niliona. Upande mmoja mfupa ulikuwa ndani, upande wa pili ulikuwa umepanda juu, uko peke yake. Nesi wa Iringa hakugomba. Ningependa angegomba.

"Mlimsimamisha?"

"Hapana," Mama akasema. "Hakuna aliyemsimamisha."

Nesi akanigeukia. "Na wewe, mwanangu? Alikaa mgongoni siku zote?"

"Siku zote," nikasema.

Akanishika shavu. Alisema labda kikombe chenyewe ni kifupi, mara nyingine hutokea. Walijaribu tena hogo, halikufaa, na kwa upasuaji ilibidi mtu aende mbali mno kuliko tulivyoweza.

Siku chache baada ya kurudi Mama alikwenda nyuma ya banda kutengeneza chanja, akaliona shimo. Mvua ilikuwa imelila kingo lakini duara lake lilikuwepo, na nyasi zilizotandikwa zilikuwepo. Kijiji kizima kilijua nani huchimba mashimo yenye nyasi. Mama alichukua jembe, akaenda nalo mpaka mlangoni kwa Bibi, akalitupa chini. Nilikuwa nyuma yake, Sekela mgongoni.

"Mama, mwanangu umemfanya nini?"

Bibi alikuwa anamenya viazi. "Mwanao nimemfanya nini?"

"Nimeliona shimo."

"Mimi sijamgusa mtoto wako. Tangu umenikataza, sijamgusa hata kidole."

"Basi shimo limejichimba?"

Bibi akainuka, akaja na mkwewe mpaka nyuma ya banda, akainama kulitazama. Akapima mdomo wa shimo kwa kiganja. Kisha akanitazama mimi. Hakuniangalia usoni, aliniangalia mikono. Niliificha nyuma, chini ya matako ya Sekela. Nilifungua mdomo, nakumbuka kabisa kwamba nilifungua mdomo. Mama alikuwa na uso ambao sijawahi kuuona, na nikaufunga.

"Mimi sikuchimba," Bibi akasema tena, kwa sauti ndogo, akarudi kwenye viazi vyake.

Habari ikaandikwa kwenye barua kwenda Mufindi. Baba akaja, akasikiliza huku na huku, na mwisho akakaa upande wa mke wake, kwa kuwa shimo lilikuwa pale na nyasi zilikuwa pale. Baba Mdogo, mdogo wake Baba, akaja kumchukua mama yao kwenda kuishi naye Mbeya mjini, Soweto. Bibi aliondoka na kikapu kimoja na kopo la ugoro. Aliwaaga kuku. Mama alitukataza kwenda huko, na Baba hakubisha.

Na mimi nikaingia shule. Mama aliamua kumbeba Sekela mwenyewe, hata shambani, hakumwamini mtu tena isipokuwa mgongo wake. Nikapewa daftari na penseli na uzi wa shingoni. Kila nilichokitaka nilikipata, na mteremko ule niliukimbia kila siku kwa miaka saba.

Sekela alitembea akiwa na miaka miwili na nusu, akiyumba upande kama mtu aliyebeba ndoo isiyoonekana. Watoto walimpa majina, nami niligombana nao wote mmoja mmoja. Nilikuwa na sifa ya kumpenda mdogo wangu kupita kiasi. Bibi alifariki nikiwa darasa la sita. Tulipelekwa Soweto kumzika, na nililia kuliko watu wote, mpaka wanawake wakaulizana, huyu mjukuu alikuwa kipenzi chake? Majuto ni mjukuu, husema wahenga, na siku ile niliwaona wahenga wamenitaja kwa jina.

Nilipokuwa mtu mzima nilimweleza daktari mmoja wa mifupa, nikijifanya nazungumzia mtoto wa jirani. Akasema nyonga za namna hiyo, zilizochelewa kutibiwa, nyingi hurudi nje hata zikitunzwa vizuri, na kwamba hakuna awezaye kujua. Nilitoka pale nimekasirika. Sikwenda kwake kutafuta "hakuna awezaye kujua."

Baada ya lile sanduku nilikaa wiki mbili, nikapanda basi kwenda Iringa kwa Sekela. Yeye ni mwalimu wa hesabu, mkali, wanafunzi wanamwogopa na kumpenda. Nyumba yake iko juu kilimani. Iringa ina sehemu tambarare za kutosha, lakini yeye alijenga juu. Nilimkuta barazani anachambua maharage, fimbo yake imeegemezwa ukutani.

"Sekela, nina jambo."

"Kama ni shamba la Mama, nimeshasema, gawaneni."

"Si shamba. Ni mguu wako."

Nikamwambia. Nilianzia kwenye rede nikamaliza kwenye jembe la Mama, sikuacha kitu. Yeye aliendelea kuchambua maharage, akitupa mabovu kwenye kifuniko. Nilipomaliza akaanza kuuliza, kimwalimu.

"Siku ngapi?"

"Sikuhesabu. Wiki nyingi."

"Nilikuwa nalia?"

"Mwanzoni. Baadaye hapana. Nikirudi ulikuwa unapiga makofi."

Mkono wake ukasimama. "Nilikuwa napiga makofi?"

"Ndiyo."

Aligeuza uso akatazama chini mjini. Niliona anafuta jicho kwa mgongo wa mkono, haraka, kama anafukuza nzi.

"Mguu nimekusamehe, Dada," akasema. "Mguu ni wangu, nina haki ya kuusamehe, na wewe ulikuwa mtoto uliyebebeshwa mtoto. Lakini ya Bibi nitayasameheje? Yalikuwa yangu? Mama amekufa anaamini hivyo. Mimi mwenyewe, miaka yote hii, nasimama mbele ya darasa nawaambia, jamani wazee wasiwachezee watoto wenu, mnaniona mimi, bibi yangu alinifukia. Nimemtangaza mama wa watu kwa watoto wa watu, Dada. Kila mwaka."

Akafuta mikono kwenye kanga, akachukua simu yake, akabonyeza, akaiweka sauti ya juu, akaisukuma kwenye meza mbele yangu, katikati ya maharage. Ilikuwa inaita kwa Baba Mdogo, kule Soweto. Ni mzee sana sasa.

"Shikamoo, Baba Mdogo," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Poleni bado na msiba."

"Tumeshapoa, Baba. Baba Mdogo, lile shimo la nyuma ya banda nililichimba mimi. Bibi hakuchimba."

Nilisikia kuku wa kwake, na mtu anasukuma kiti. Nikadhani simu imekatika.

"Mama yangu alijua," akasema.

"Alijua?"

"Alisema shimo lenyewe limekwanguliwa kwa kijiti, halimtoshi mtu mzima kuingiza jembe. Nikamwambia, basi Mama, turudi ukaseme. Akakataa. Akasema, nikimtaja, mama yake atamwua kwa fimbo. Mwacheni akue, atakuja mwenyewe kusema."

Akakohoa.

"Kila sikukuu, mwanangu, alikuwa akinituma stendi kwenda kuangalia kama umekuja."